Mkono Uliolala Tumboni

Fundi Sirajul alipozinduka, mkono ulikuwa umemlalia tumboni, mzito kama gunia la mchele. Akausukuma kando. Akajigeuza kidogo, ukamwangukia tena.

"Haldar, ndugu yangu," akasema, "kila mtu abebe mkono wake."

Mkono ukabaki pale pale.

Wodi ile ilikuwa imefurika hadi varandani, ikabidi wagonjwa walazwe wawili wawili. Yeye alipangiwa kitanda kimoja na Bimal Haldar, muuza samaki wa Khidirpur, mtu wa maneno mengi na kiwiko kikali. Wote wawili walikuwa na kiharusi. Picha ya kichwa ya kila mmoja ilionyesha mshipa umeziba, na wote Daktari Sanchita aliwaambia neno lile lile: kwa kuwa viungo bado vina nguvu, wameze dawa na wangoje. Hali ikigeuka, atapitisha waya kinenani mpaka kichwani alivute lile bonge la damu, hata kama siku nzima imeshapita. Ila aitwe upesi. Akichelewa kuitwa, alisema, mtu hubaki kilema, au habaki kabisa.

Sirajul mwenyewe alikuwa na aibu kuliko ugonjwa. Kitambaa kilimponyoka cherehanini mbele ya wateja, na mafundi wote wa mtaa wake wa Metiabruz wakaangua kicheko, naye akacheka nao, maana angefanyaje? Bingwa wa majigambo ameshindwa kushika kipande cha pamba. Alijijua ana mdomo. Miaka yote aliapa kwamba akiuona mkono wa mtu mara moja tu, basi ataujua hata katikati ya umati wa Idi. Marehemu mkewe alikuwa akimjibu kwamba nyani haoni kundule, aanze kwanza kuvitafuta vifungo vya shati lake mwenyewe.

Sasa, kwa kukosa kazi, akaukagua mkono ule. Mkono wa mtu aliyeuaga ujana zamani. Kucha safi, na kwa muuza samaki hilo si haba. Ncha ya kidole cha shahada ilijaa vitundu vidogo vidogo, bila shaka miba ya samaki. Hadi hapo hakuwa na neno.

Lakini shati! Pindo la mkono lilikwenda upogo, mishono imejikunja, na kifungo kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Sirajul alikisia kazi ile ilifanywa usiku wa kuamkia sherehe, fundi akisinzia juu ya cherehani.

"Nani huyu mpumbavu aliyekushonea?" akauliza. "Angekuwa wa kwangu ningempa ufagio, sindano asiiguse tena."

Haldar hakucheka. Haldar yule yule aliyeongea jana kutwa, hadi muuguzi akamsihi aipumzishe wodi.

Moyo wa Sirajul ukashtuka. Akaufinya ule mkono. Haukujikunja. Akainua kidole kimoja, akakiachia, kikaanguka kama uzi uliokatika.

"Haldar, nibane kidole. Kidogo tu."

Wapi. Mkono umekufa na sauti imekwenda. Hali ndiyo hiyo imegeuka, na yeye alikuwa ameshughulika na vifungo! Akajitukana kimoyomoyo. Mtu anaangamia ubavuni mwako, Sirajul, nawe unamhesabia mishono. Kweli wewe ni fundi wa kupigiwa mfano.

Bintiye Tahmina akaingia na chai, kikombe kimoja. Hata katika taharuki ile Sirajul alipata nafasi ya kuudhika kwa uchoyo huo. Jana alileta viwili.

"Achana na chai," akamwambia. "Mkono umekufa, mwanangu. Nimeufinya, hausikii kitu. Mkimbilie daktari, mwambie hali imegeuka."

Ulimi wake ulikuwa mzito, akaulaumu woga. Tahmina aliutazama mkono, akamtazama baba yake usoni, kikombe kikamponyoka. Akatoka mbio bila kuuliza swali. Sirajul akafarijika. Kumbe amelea binti mwenye huruma, hata kwa muuza samaki aliyemtania jana yake kwamba chai yake ni maji ya kuoshea vyombo.

Akaushika mkono ule kwa nguvu, kiganja kwa kiganja.

"Usiogope, ndugu yangu. Wanakuja. Shati lako nimelisamehe, na wewe nisamehe. Sikuachi."

Machozi yakamlenga. Alikuwa hata hajui kama Haldar ana watoto.

Daktari Sanchita akaja nusu anakimbia, na wahudumu nyuma yake wakisukuma machela. Akauinua mkono, akauachia. Ukaanguka.

"Mwaona?" Sirajul akasema, akiukamata tena. "Mpelekeni upesi. Mimi nitajibana pembeni, msinijali."

"Umefanya vizuri kuniita, fundi," daktari akasema. "Bado tunawahi. Haya, mbebeni."

Wahudumu wakapitisha mikono yao chini ya makwapa ya Sirajul, wakamnyanyua.

"Mimi tena?" Sirajul akang'aka. "Nyie mnakosea mtu! Mimi mzima. Anzeni na Haldar!"

Wakamlaza kwenye machela. Hakukubali kuuachia ule mkono. Tahmina akamwinamia, akaweka kiganja chake juu ya mikono hiyo miwili iliyoshikana.

"Baba, Haldar alipewa kitanda chake ulipokuwa umelala. Yuko kule dirishani, anakunywa chai." Akaligusa pindo la upogo la ule mkono uliolegea. "Shati hili ulijishonea mwenyewe, usiku wa kuamkia harusi yangu."