Mrija wa Kioo

Tunu alidondosha iodini kwenye kichupa cha kwanza. Rangi ikabaki ya chai, haikugeuka buluu kama inavyokuwa penye wanga. Kimeng'enya cha bakteria kilikuwa kimeumaliza wanga wote.

"Si nilikwambia!" alisema Dokta Mbaruku, mrija wa kioo ukining'inia mdomoni. Miaka sita alikuwa akivuta kila kimiminika kwa mrija huo. "Waambie wageni waliokuja kuona jaribio waingie."

"Bado cha pili, Dokta. Hiki kina wanga na maji tu. Lazima kigeuke buluu."

"Nimekijaza mwenyewe. Haya, dondosha."

Akadondosha. Wakasubiri. Rangi ikabaki ya chai.

"Humu hamna bakteria," Tunu alinong'ona. "Sasa wanga umeliwa na nini?"

Dokta alikumbuka jinsi alivyokijaza kichupa: kwa kuvuta kwa mdomo. Aliutoa mrija mdomoni polepole, na uzi mwembamba wa mate ukavutika, ukang'aa.