Mgongo wa Ukuta

Ukuta uligongwa. Sista Mwatumu akaweka kikombe chini. Miaka yote kompyuta ya hospitali ilimruhusu yeye peke yake kutoa dawa kali za maumivu, na wodi ya pili wakimhitaji waligonga.

"Usiinuke," alisema Khatibu, fundi wa kompyuta. "Kundi la ruhusa lenye mtu mmoja si kundi, Sista. Nesi Riziki wa wodi ya pili naye nimemwingiza. Bonyeza 'Kubali', mgonjwa anaumia."

"Nikibonyeza, nani atanigongea?"

Fundi alimsogezea kompyuta. Ukuta uligongwa kwa nguvu zaidi. Mwatumu akabonyeza.

Kimya.

"Imefunguka, Sista!" Riziki alipaza sauti kutoka upande wa pili. "Natoa mwenyewe!"

Mwatumu aliegemeza kiganja ukutani, asikiondoe.

"Dada?" Riziki aliita tena. "Nitagonga tu. Hata nisipokwama."