Mama wa Ziada

Siku ya Idi mama mmoja hatoshi, ndiyo maana wingu la mtandaoni linamwongeza. Watoto sita wakimwita, wanatokea mama sita, kila mmoja na nyumba yake. Kazi ikipungua, wingu linawafunga wa ziada, wanatoweka, anabaki yule wa mwanzo peke yake.

Aliyekuja kwa Zamda alikuwa wa ziada, na Zamda hakutaka aondoke.

"Mama, hebu onja hii biriani."

"Chumvi imekaa sawa."

"Basi nisuke nywele."

Akamsuka. Akashona na vifungo vya shati la mkwewe. Wingu halimfungi mtu mwenye kazi, kwa hiyo Zamda alizitafuta kazi mpaka zikamwishia.

"We mtoto, unanichosha makusudi," mama alisema, huku anacheka.

"Nichambulie mchele basi."

"Wa kula nani saa hizi? Haya, lete."

Zamda akaenda kuchemsha chai, roho yake kwatu. Aliporudi akachungulia mlangoni. Mama alikuwa ameshamaliza mchele wote. Akatazama huku na huku, akaumimina taratibu kwenye ndoo ya mawe aliyoyatoa, akauchanganya kwa mkono, halafu akajaza ungo upya.