Siku ya Jemadari Nyumbani kwa Bi Mwajabu

Jemadari aliyeiingiza nchi katika vita vya maangamizi alikuwa amepandikizwa kumbukumbu za kila askari aliyekufa, na sheria ilimpa kila mama aliyefiwa siku moja ya kumtumikisha nyumbani kwake.

Zamu ya Bi Mwajabu ilipofika, mtaa mzima ulipiga vigelegele. Mzee yule, ambaye zamani sauti yake redioni iliwatetemesha watu, alifagia ua, akachota maji, akasugua masufuria. Majirani walimchungulia wakicheka.

“Piga magoti,” Bi Mwajabu alimwambia. “Sema mwanangu Sefu alikufaje.”

Jemadari alipiga magoti, akasimulia kiu, baridi na risasi ya tumboni, machozi yakimtiririka. “Nilimuua mimi. Nisamehe.”

“Sikusamehe hata kidogo,” alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alijiona mshindi.

Jioni askari jela walikuja kumchukua. Jemadari aligeuka mlangoni.

“Mama,” aliuliza kwa upole, “goti la kushoto bado linakuuma mvua ikinyesha?”

Jambo hilo alilijua Sefu peke yake. Bi Mwajabu alimtazama adui yake, kisha akajikuta akiwaomba askari wamwache kwanza ale.