Kitaa cha Mkononi mwa Somoe

Kila kijiti cha kuzuia mimba sasa kina mfadhili wake. Cha mke wangu Somoe anakilipia Bibi Hilde, kizee wa ng'ambo, na akiendelea kulipa, kitaa cha kijani huwaka chini ya ngozi ya mkono; akiacha, kinazimika na kijiti hakizuii tena mimba. Kila Jumapili tunavaa vizuri, tunakaa mbele ya simu na kumshukuru. Mashine inatafsiri.

Jumapili iliyopita bibi alisema, "Natamani kuona kichanga hapo kwenu. Mmoja tu, mumpe jina langu."

Somoe akatabasamu. "Mungu akijalia, bibi."

Simu ilipokatika nikamuuliza, "Ndiyo nini vile? Ulipomzaa mwanetu Shazili ulivuja damu mpaka daktari akasema ukizaa tena unakufa."

"Ulitaka nimwambie bibi wa watu hapana, usoni?" Akacheka. "Jirani akiniomba mbuzi ya nazi na mimi sitaki, namjibu hivyohivyo. Anaelewa, anaenda zake."

"Jirani anaelewa. Huyu je?"

Akaacha kucheka. Tukapiga tena simu, haikupokelewa. Tumepiga wiki nzima.

Leo asubuhi alikuwa anakuna nazi, akasimama ghafla, akautazama mkono. Kitaa kimezimika. Nilibeba godoro langu, nikalitandika sebuleni.

Mchana ukaja ujumbe wa Bibi Hilde. Ni picha ya sweta dogo la manjano analolifuma mwenyewe. Amebakiza mkono mmoja.