Mstari wa Chaki

Mstari wa chaki ulikuwa unazama. Nilikuwa nimesimama na kibuyu cha uji mlangoni pa karakana moja ya Port Reitz, wakati ule wa vita, nikauona ukimezwa na jeki ya mafuta pole pole.

Mume wangu alikuwa amenieleza nyumbani. Akisha kuinua lori, huchora mstari ule kwenye chuma cha jeki kinachoinua lori, kisha hungoja. Ukishuka, mafuta yanavuja, mtu asiingie chini. Lakini siku hiyo mpira wa jeki, ule unaozuia mafuta, ulikuwa mpya, kautia mwenyewe, akajiamini asingoje. Magogo ya kuzuilia lori yalikuwa bado ukutani. Yeye nilimwona miguu tu, ikitokeza chini ya lori.

"Toka, baba watoto!"

"Weka uji hapo, naja."

Kwetu mke hatamki jina la mumewe. Mimi nikalitaja kwa ukelele.

"Ruwa!"

Alichomoka chini, macho yamemtoka. "Waniita jina mbele ya watu?"

Lori likatua nyuma yake kwa kishindo, vumbi likatufunika.

Nashukuru hadi leo kwamba alikasirika.

Alinishika mkono, wake unateleza mafuta.

"Niite tena," akasema.