Nyuzi Zilizolegezwa

Katika kikundi chao cha taarab, mwimbaji ndiye hupanga sauti ianzie wapi, na mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, hufuata.

"Kaza nyuzi mpaka pale pale pa zamani," Bi Saumu, mwimbaji, alimwambia Vuai, mpiga kanuni wake. "Sijafa mie, nimepasuliwa koo tu."

Vuai aliitikia. Lakini asubuhi alikuwa amemsikia akijaribu peke yake, sauti ikimkatikia juu. Akazilegeza nyuzi zote, sabini na ushei, ili sauti ianzie chini zaidi.

Pazia lilipofunguliwa, akagusa uzi mmoja. Bi Saumu akageuka, macho yamemwiva. Akamjia, akabandika kiganja juu ya kanuni, mlio ukafa.

"Nani kakutuma?" akanong'ona.

Ukumbini watu walianza kuguna. Ndipo kile kiganja kikaanza kuinuka, kidole kimoja kimoja.